Jinsi ya kuichambua namba kubwa kwa mkono: 1,889,773

Hii ndiyo idadi ya watu wa Zanzibar kwa sensa ya 2022. Isome polepole: milioni moja, laki nane, themanini na tisa elfu, mia saba sabini na tatu. Mimi niliipeleka barazani kwetu Chake Chake jioni moja baada ya Alasiri, muuza kahawa ameshatua dele lake na kashata zimeanza kuzunguka. Nikasema, kwa kujisifu, kwamba namba ile ni tasa, haigawiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeijaribu kwa kila namba tasa kuanzia 2 mpaka 97 na hakuna hata moja iliyoingia. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, akaniuliza, "Mjomba, mbona umesimama 97?"

Sikuwa na jawabu. Mia ilikuwa karibu, na usingizi ulikuwa karibu zaidi. Nikaahidi mbele ya watu kwamba akinionyesha kigawo hata kimoja, kahawa na kashata za baraza zima ni juu yangu.

Nililipa siku ya pili yake.

Njia iliyomo humu ndiyo ninayoitumia tangu hapo. Inafaa kwa namba yoyote ya tarakimu sita au saba, lakini ni vyema uifuate kwanza kwa namba hii hii, kwa sababu ina mambo. Tayarisha daftari la hesabu, kalamu, na simu yenye kikokotoo.

Kwanza: hakikisha namba umeiandika sawa

Watu wengi huruka hapa, kisha wakapoteza saa nzima kuchambua namba ya makosa. Kama namba imetokana na kujumlisha, ipime kwa kutupa tisa. Mikoa mitano ya Zanzibar ilihesabiwa hivi mwaka 2022:

Kaskazini Unguja 257,290
Kusini Unguja 195,873
Mjini Magharibi 893,169
Kaskazini Pemba 272,091
Kusini Pemba 271,350

Jumlisha tarakimu za kila mstari mpaka ubaki na tarakimu moja. Mstari wa kwanza: 2+5+7+2+9+0 ni 25, na 2+5 ni 7. Wa pili unatoa 33, yaani 6. Wa tatu 36, yaani 9. Wa nne 21, yaani 3. Wa tano 18, yaani 9. Sasa jumlisha hizo: 7+6+9+3+9 ni 34, yaani 7. Halafu ijaribu jumla yenyewe: 1+8+8+9+7+7+3 ni 43, yaani 7. Zimekubaliana.

Inafanya kazi kwa sababu 10 ukiigawa kwa 9 inabaki 1, na 100 inabaki 1, na 1,000 pia, kwa hiyo kila tarakimu inajihesabu yenyewe tu popote ilipokaa. Udhaifu wake uko hapo hapo: ukigeuza tarakimu mbili, ukaandika 1,889,737, kipimo hiki hakitakwambia kitu. Macho bado yanahitajika.

Pili: maliza majaribio mepesi kabla ya kugusa simu

Namba inaishia na 3, kwa hiyo si shufwa, na 5 haiingii. Jumla ya tarakimu ni 43. Ukiigawa kwa 3 inabaki 1, basi 3 haimo, na ikiwa 3 haimo hata 9 usiisumbukie.

Kwa 7, 11 na 13 watu hufundishwa kanuni tatu mbalimbali, na ya 7 ni ya kuchosha. Mimi natumia moja kwa zote. Ukizidisha 7 × 11 × 13 unapata 1,001. Elfu moja imepungua kwa moja tu kuifikia 1,001, kwa hiyo mbele ya hizi tatu kila elfu inahesabika kama "toa moja", na kila milioni kama "ongeza moja". Kata namba mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kuongeza kwa zamu:

773 − 889 + 1 = −115

Sasa badala ya kuhangaika na milioni, unahangaika na 115. Kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 5, kwa 13 inabaki 11. Hakuna iliyoingia. (Kwa vile tumepata hasi, baki halisi ni upande wa pili: 7 − 3, yaani 4. Kama unachotaka kujua ni inaingia au haiingii, hilo halikuhusu.)

Mafungu hayo hayo ukiyajumlisha badala ya kuyatoa, unaipima 37, kwa kuwa 999 ni 27 × 37. Hapa 1 + 889 + 773 ni 1,663, ambayo nayo inakatika 1 + 663, yaani 664. Kwa 37 inabaki 35. Na ukikata tarakimu mbili mbili, ukatoa na kuongeza kwa zamu, unaipima 101: 73 − 97 + 88 − 1 ni 63. Haimo.

Tatu: jua mwisho wa safari kabla hujaondoka

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Vigawo huja wawili wawili: ukipata kimoja, mwenzake anajitokeza kama jawabu la kugawa. Wote wawili hawawezi kuwa wakubwa kuliko kipeuo cha pili cha namba, maana wangezidishana wakaipita. Kwa hiyo mdogo wao, kama yupo, lazima awe chini ya kipeuo hicho.

Jaribu kwa simu: 1,374 × 1,374 ni 1,887,876, bado haijafika. 1,375 × 1,375 ni 1,890,625, imepita. Basi mpaka wetu ni 1,374, na kuanzia 2 mpaka hapo kuna namba tasa 220. Mimi nilisimama 97, ambayo ni ya 25. Nilikuwa nimekwenda sehemu ndogo tu ya njia, nikatangaza nimefika.

Ikiwa umemaliza zote 220 na hakuna iliyoingia, ndipo una haki ya kusema "tasa" mbele ya watu.

Nne: tayarisha orodha ya namba tasa

Orodha haina haja ya kuikariri. Andika namba 1 mpaka 240 kwenye daftari, safu za kumi kumi, futa 1, kisha zipitishe kwenye chekeche la Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki aliyesimamia maktaba ya Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Acha 2, futa vigawe vyake vyote. Acha 3, futa vigawe vyake. Halafu 5, 7, 11 na 13. Simama hapo. Inayofuata ni 17, na 17 × 17 ni 289, nje ya daftari letu. Kila kigawe cha 17 kilichomo humu kilishafutwa na wadogo zake. Zilizosalia ni namba tasa 52, na ya mwisho ni 239.

Ukihitaji kuvuka 240, ongeza safu. Usiandike mpaka 1,374 kwa pamoja. Utachoka kufuta kabla hujaanza kugawa.

Tano: gawa, na uandike baki

Kikokotoo cha simu kinatoa desimali, na sisi tunataka baki. Baki ni kama karafuu zinazosalia chini ya mkeka ukishapima pishi zako zote na hazitoshi pishi nyingine. Fanya hivi kwa 17: gawa, utaona 111,163.1176 na kuendelea. Chukua 111,163 tu, zidisha kwa 17, unapata 1,889,771. Toa kwenye namba yako: baki 2. Andika, songa mbele.

Utaniuliza kwa nini uandike baki wakati simu ikishaonyesha desimali umeshajua haiingii. Kwa sababu baki zinasema kitu. Tazama chache: 19 inabaki 14, 23 inabaki 1, 29 inabaki 17, 31 inabaki 13, 41 inabaki 1, 43 inabaki 9, 59 inabaki 3. Ukifika mbali zaidi, 167 nayo inabaki 1. Baki ya moja mara tatu, tena kwa 3 na kwa 4 pia inabaki moja. Maana yake namba ya nyuma yake, 1,889,772, inagawika kwa zote hizo. Na kweli:

1,889,772 = 2 × 2 × 3 × 23 × 41 × 167

Hakuna kilichobaki nje. Yaani siku ya sensa angekuwa mtu mmoja amepanda boti kwenda Dar, tungekuwa na namba inayofunguka kama chungwa. Hili mpwa wangu ndiye aliyeliona, kwa kuwa yeye aliandika baki na mimi sikuandika.

Endelea. Ukifika 227 utashtuka: 227 × 8,325 ni 1,889,775, umezidi kwa mbili tu. Wengi wakiona desimali ya .991 hudhani simu imekosea, wakaikubali. Usikubali. Kigawo ama kinaingia ama hakiingii. Halafu 229, inabaki 65. 233, inabaki 143. Halafu 239.

1,889,773 ÷ 239 = 7,907. Kamili, hakuna nukta.

Kijana aliniletea simu usoni pale barazani nikaisukuma, nikasema tupige kwa mkono. Tukapiga nyuma ya karatasi ya kashata: 7,907 × 240 ni 1,897,680, toa 7,907 moja, inabaki 1,889,773. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akamwashiria muuza kahawa aongeze vikombe.

Sita: kigawo kikubwa nacho kipime, au kiache

Sasa kuna 7,907. Je, inagawika tena? Ukifuata mazoea utaanza upya na 2, 3, 5. Huna haja. Kigawo chochote cha 7,907 ni kigawo cha namba nzima, na namba nzima umeshaijaribu kwa kila tasa chini ya 239 na zote zimeshindwa. Tena 89 × 89 ni 7,921, imeshaipita 7,907. Kwa hiyo 7,907 ni tasa kwa kazi uliyokwisha kuifanya. Ni namba tasa ya 999; ya 1,000 ni 7,919.

Jawabu ni 1,889,773 = 239 × 7,907. Namba si tasa, lakini imeikaribia sana: ina vigawo tasa viwili tu.

Saba: soma sifa zake

Ukishakuwa na vigawo tasa, mengine yanakuja yenyewe. Idadi ya vigawo vyote: chukua mara ambazo kila tasa limetokea, ongeza moja, kisha zidisha. Hapa ni 2 × 2, vigawo vinne: 1, 239, 7,907 na namba yenyewe. Ile ya jirani, 1,889,772, ina 2 mara mbili na nyingine nne mara moja moja, kwa hiyo ni 3 × 2 × 2 × 2 × 2, vigawo 48. Mtu mmoja kazidi, vigawo 44 vimepotea.

Jumla ya vigawo vyake vyote vinne ni 240 × 7,908, yaani 1,897,920. Ukiitoa namba yenyewe inabaki 8,147, kidogo mno mbele ya milioni na ushei, ndiyo maana namba ya aina hii huitwa pungufu.

Namba witiri yoyote iliyo zao la vigawo viwili inaweza kuandikwa kama tofauti ya miraba miwili: chukua nusu ya jumla ya vigawo hivyo viwili na nusu ya tofauti yao. Hapa ni 4,073 na 3,834. Mraba wa kwanza 16,589,329, wa pili 14,699,556, toa, na namba yetu hii hapa. Kuiandika kama jumla ya miraba miwili, hapana, haiwezekani. 239 ukiigawa kwa 4 inabaki 3, na tasa la namna hiyo likitokea mara moja, au mara witiri yoyote, mlango huo umefungwa. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alilijua hili.

Na kuna sababu watu wanalipwa kuyajua mambo haya. Kuzidisha 239 kwa 7,907 ni kazi ya dakika moja, lakini kurudi nyuma kulinigharimu usiku na kashata. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliigeuza tabu hiyo kuwa kufuli ya siri. Kufuli za namna yao zinazotumika leo kwenye intaneti huwa ni namba zenye tarakimu 617, zao la namba tasa mbili kama yetu, na aliyeziona hizo mbili ndiye mwenye ufunguo.

Nane: izungushe

Hii ndiyo ninayoipenda, na sikuitafuta. Chukua tarakimu ya mbele, ipeleke nyuma, kama mtu anayesogeza kete kwenye bao mpaka zinarudi nyumbani. Kila ukizungusha, gawa kwa 239:

1,889,773 = 239 × 7,907
8,897,731 = 239 × 37,229
8,977,318 = 239 × 37,562
9,773,188 = 239 × 40,892
7,731,889 = 239 × 32,351
7,318,897 = 239 × 30,623
3,188,977 = 239 × 13,343

Mara ya saba umerudi ulipoanzia. Zote zinaingia, bila baki hata chembe. Niliyapiga haya taa imekatika, kwa mwanga wa simu, nikayarudia mara mbili nikidhani naota.

Siri iko kwenye 9,999,999. Kuitoa tarakimu mbele na kuiweka nyuma ni sawa na kuizidisha namba kwa kumi kisha kuitoa tarakimu ile mara 9,999,999. Na 9,999,999 ni 239 × 41,841. Kama namba inagawika kwa 239, basi na mara kumi yake inagawika, na unachokitoa kinagawika, kwa hiyo kinachobaki hakina pa kwenda. Ndiyo maana pia 1 ÷ 239 inatoa 0.0041841 0041841, inajirudia kila tarakimu saba.

Angalia masharti: lazima namba iwe na tarakimu saba, sifuri za mbele zikihesabiwa. Na kati ya vigawo tasa vyake viwili, ni 239 tu. 7,907 haina uungwana huo. Kwa tarakimu tatu, 37 naye hufanya hivyo: 148, 481, 814, zote zinaingia.

239 ina historia yake pia. John Machin, Mwingereza, aliitumia mwaka 1706 katika kanuni iliyompatia tarakimu 100 za pai, na mraba wake, 57,121, ukiongeza moja unapata mara mbili ya 13 × 13 × 13 × 13. Lakini hizo ni hadithi za jioni nyingine.

Tisa: jaribu mwenyewe

Tumia sensa ya 2012, ambapo Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Jumla ya tarakimu ni 27, kwa hiyo 9 inaingia papo hapo na kukuacha na 144,841. Tarakimu zake zitakudanganya: 144 ni mraba wa 12, na 841 ni mraba wa 29, ukadhani nzima nayo ni mraba. Siyo. 380 × 380 ni 144,400, na 381 × 381 ni 145,161, kwa hiyo unakwenda mpaka 380 na si zaidi.

Mimi nilikwenda na orodha yangu ile ile ya zamani, tasa 52, mpaka 239. Kwa 239 inaingia mara 606, inabaki 7. Orodha imekwisha, nikamwambia mpwa wangu kwamba hii sasa nina hakika, kilichobaki ni tasa. Hakunijibu. Aliandika 241 chini ya 239 kwa penseli, akagawa, akapata 601, akaligeuza daftari upande wangu.

Kahawa tena.